Tanuri Halifunguliwi Mapema

Kijiko kiligonga bilauri, ting, ting, ting, kikanyamaza, kisha kikaanza tena. Ilikuwa saa kumi na moja alfajiri na nyumba ilikuwa bado na giza. Daktari alilala macho wazi akisikiliza. Mama yake alikuwa ameacha sukari miaka minne iliyopita, tangu alipoambiwa hospitali kwamba yeye na sukari si marafiki tena. Lakini kila alipokuwa na jambo moyoni aliikoroga chai yake vilevile, kana kwamba neno lililomkaa kooni lingeyeyukia humo.

"Leo kuna neno," Daktari alijisemea, akavuta shuka hadi kidevuni.

Mtaa mzima ulimwita binti huyu Daktari, na wengine walimwita hivyo huku wakimwonyesha vidonda. Alipowaeleza kwamba udaktari wake ni wa uhandisi, kwamba anatibu maji na si watu, walimtazama kwa huruma. "Basi hata dawa ya kichwa huna?" jirani mmoja alimuuliza. "Miaka yote ile?"

Alipoingia jikoni, mama yake alimsogezea kikombe bila kugeuka.

"Umeamka."

"Nimeamshwa na kijiko."

"Leo ndiyo siku yenyewe?"

"Ndiyo yenyewe, mama. Saa mbili."

"Hebu nieleze tena. Umesoma mpaka vitabu vimekwisha. Ukavaa joho, tukapiga picha, ile pale ukutani. Sasa unaomba nini tena chuoni?"

Daktari alicheka. Alikuwa amelieleza jambo hili mara kumi, na kila mara alilieleza kama mara ya kwanza, kwa sababu mama yake naye, siku za nyuma, alimfundisha kufunga kamba za viatu mara kumi bila kuchoka.

"Naomba ufadhili wa utafiti, mama. Ni wa watu waliokwisha kupata uzamivu. Chuo kinakupa maabara, mshahara, na profesa wa kukaa naye miaka miwili. Unafanya utafiti wako mwenyewe. Ukitoka hapo, unaweza kusimama na maabara yako."

Mama alifikiri kidogo. "Kama mtu aliyekwisha kujua kushona, lakini anakaa kwanza kwa fundi mkubwa kabla ya kufungua duka lake."

"Ndivyo hasa."

"Sasa si ungesema hivyo tangu mwanzo!"

Kwa miezi kumi na minne Daktari alikuwa akiutafuta ufadhili huo. Alikuwa na daftari la jalada gumu ambamo aliandika kila chuo alichokipata: kinataka nani, mwisho wa kuomba lini, barua ngapi. Kingine kilitaka umtafute kwanza profesa atakayekupokea, na maprofesa wenyewe hawakujibu. Kingine kilitaka raia wake tu, na jambo hilo liliandikwa chini kabisa, baada ya kurasa tisa za kujaza. Kimoja kilimkataa kwa heshima kubwa, lakini kwa jina la mtu mwingine. Vyuo sita vilikuwa vimekwisha kumwambia hapana. Hiki cha leo kilikuwa cha saba, na ndicho pekee kilichosema, "Tunataka kukuona, na tunataka kukiona chombo chako kikifanya kazi."

"Na yule naye anakuja?" mama aliuliza. Hilo ndilo neno lililokuwa likikorogwa tangu alfajiri.

"Fundi analeta chombo, mama. Maabara imefungwa mwisho wa wiki. Nitafanyia usaili hapa mezani, kwa kompyuta."

"Chombo kinaweza kuachwa mlangoni."

"Mama."

"Nisikilize, mwanangu. Simchukii. Simjui. Lakini nimekaa kwenye cherehani miaka thelathini, mgongo huu ukapinda, macho haya yakachoka, ili wewe usikae kwenye benchi la mafundi. Leo umefika kule juu, unaniletea mtu wa benchi. Mpuliza vioo! Nitawaambia nini wanawake wenzangu?"

"Waambie anapuliza vioo."

"Usinifanyie mzaha asubuhi yote hii."

Kusema kweli Daktari hakujua kama bado alikuwa na mtu wa kugombaniwa. Siku nne zilikuwa zimepita bila yeye na Fundi kuangaliana machoni.

Karakana ya vioo ilikuwa chini ya ngazi za idara, chumba kimoja chenye joto na dirisha dogo. Humo Fundi alitengeneza kila chombo ambacho hakiuzwi dukani kwa sababu kimetoka kichwani mwa mtu. Siku ya kwanza Daktari alipomletea mchoro wake, mrija uliojizungusha kama konokono ndani ya konokono mwingine, Fundi aliutazama kwa muda mrefu, akasema, "Hiki hakijawahi kutengenezwa." Akaongeza, "Njoo Jumatano." Tangu siku hiyo Jumatano zikawa nyingi. Fundi alimwita Haraka, kwa sababu kila mara alifika akihema. Daktari naye alimwita Fundi tu, lakini alilitamka neno hilo kwa namna ambayo hata wahudumu wa usafi walitabasamu.

"Kioo kikitoka motoni kina hasira," Fundi alimfundisha. "Ukikipoza ghafla, hasira inabaki ndani. Kwa macho huioni. Kinakaa kizima, kinang'aa, halafu siku moja kinapasuka chenyewe, hata hakuna aliyekigusa. Kwa hiyo tunakilaza kwenye tanuri la kupozea, saa kumi na sita, kipoe kidogo kidogo. Tanuri halifunguliwi mapema, Haraka. Hata akija mkuu wa chuo."

Jumatatu ya wiki hiyo Haraka alilifungua. Zilikuwa zimepita saa tisa tu, Fundi alikuwa ametoka, na yeye alitaka vipimo vya kuwatumia wasaili. Alivaa glavu, akakitoa chombo. Kilikuwa kizima, kizuri kama tone la maji. Jioni alikifunga kwenye stendi, kile kishikio cha chuma cha maabara, akapata vipimo vyake, akacheka peke yake.

Kesho yake asubuhi mkuu wa idara alikuja na wageni kukiona. Wakiwa wamesimama pale, hakuna aliyegusa kitu, chombo kikasema *ta!* na kugawanyika vipande viwili.

"Nani alikitoa hiki tanurini?" mkuu aliuliza.

Barua ya mapendekezo, ambayo mkuu huyo alipaswa kuiandika kuhusu Daktari, ilikuwa bado haijatumwa. Alifungua kinywa. Lakini sauti iliyosikika ilitoka nyuma yake, ya utulivu kabisa.

"Ni mimi, mzee."

Fundi alipewa barua ya onyo siku hiyohiyo. Daktari alikaa kimya, na kimya kile kilimkaa kifuani kama kioo chenye hasira.

Asubuhi ile ya usaili, mlango ulibishwa saa kumi na mbili na nusu. Fundi alisimama kizingitini na sanduku mikononi, shati limelowa mgongoni.

"Umekuja kwa miguu?" Daktari aliuliza.

"Basi linarukaruka mashimoni. Kioo hakipendi." Aliinama akavua viatu, akavipanga ukutani pua zikitazama nje, kisha akamgeukia mama. "Shikamoo, mama."

"Marahaba." Fupi kama uzi uliokatwa kwa meno.

Mwendo ule ulikuwa wa saa moja na nusu. Daktari alipofungua sanduku alikuta chombo kimeviringishwa ndani ya sweta la bluu, lile la sufu ambalo Fundi alilivaa siku za sherehe tu. Alikishika chombo kipya, akakigonga kwa ukucha kama alivyofundishwa. Kikalia sauti ndefu, safi.

"Saa kumi na sita?" aliuliza kwa sauti ya chini.

"Ishirini. Nilikaa nacho."

"Fundi... kuhusu Jumanne..."

"Stendi umeipata?"

Hakuwa ameipata. Stendi ilifungiwa maabara na mwenye ufunguo alikuwa amesafiri. Walijaribu chupa, wakajaribu vitabu, wakajaribu ubao wa kupigia pasi wa mama. Vyote vilitikisika. Saa mbili kasoro dakika tano Fundi alipiga magoti kando ya meza, akakishika chombo kwa mikono miwili juu ya jiko dogo, akanyoosha mabega.

"Washa," alisema. "Mimi ndiye stendi."

"Kwa nusu saa? Mikono itakufa ganzi."

"Kwani nimepuliza vioo miaka kumi na moja kwa mikono ya nani?"

Kwa mara ya kwanza baada ya siku nne walitazamana. Uso wake ulikuwa karibu kiasi kwamba Daktari aliona kovu dogo la moto chini ya sikio, ambalo hakuwa amewahi kuliona. Alitamani kuligusa. Badala yake alimimina maji kwenye chupa ya kioo iliyoungana na chombo, akatia vijiko vitatu vya chumvi ya mama yake, akawasha jiko, kisha kompyuta. Kule kwenye pembe, nyuma ya pazia, cherehani ilianza kulia. Mama alikuwa ameamua kwamba hayamhusu.

Wasaili walikuwa watatu, na katikati alikaa profesa mwanamke mwenye mvi fupi na miwani iliyoning'inia shingoni. Walimuuliza Daktari kuhusu joto, kuhusu mvuke, kuhusu kwa nini konokono wawili na si mmoja. Akajibu. Maji yalipoanza kutoa mvuke, na mvuke ukaanza kuzunguka ndani ya kioo, aliwasahau wasaili akaongea na kazi yake mwenyewe.

"Joto ambalo kwa kawaida linapotea, hapa linarudi," alisema. "Konokono wa ndani anampasha wa nje. Kwa hiyo hata joto la jua linatosha. Mtu yeyote mwenye maji ya chumvi na paa la nyumba anaweza kunywa."

Tone la kwanza lilijikusanya mwishoni mwa mrija, likanenepa, likadondoka ndani ya bilauri ya mama. *Ting.* Nyuma ya pazia, cherehani ilinyamaza.

"Vizuri sana," profesa mwenye mvi alisema. Alivaa miwani yake akatazama karatasi. "Swali la mwisho. Mkuu wa idara yako amekusifu mno. Ila anaandika kwamba chombo cha kwanza kilipasuka mbele ya wageni kwa uzembe wa fundi wa vioo. Huku kwetu utafanya kazi na mafundi. Unalinda vipi utafiti wako dhidi ya fundi mzembe?"

Pembeni mwa jicho lake Daktari alimwona Fundi, mikono juu, jasho likimtiririka hadi kwenye nyusi. Kamera haikuuona uso wake. Alikuwa akitikisa kichwa taratibu. *Usiseme.* Midomo yake ilitamka bila sauti: *Pita tu.*

Angeweza kupita. Lilikuwa swali jepesi, na jibu lake jepesi lilikuwa tayari ulimini. Alifikiria lile daftari, zile hapana sita. Alifikiria mgongo uliopinda nyuma ya pazia. Kisha akalitazama sweta la bluu juu ya kiti.

"Profesa," alisema, "barua hiyo ina kosa, na kosa ni langu. Mimi ndiye niliyelifungua tanuri saa saba kabla ya wakati. Nilitaka vipimo vya kuwatumia ninyi. Fundi hakuwepo. Kilipopasuka alijitwisha lawama ili barua yangu isiharibike, na mimi nikamwacha ajitwishe. Mtu mzembe mliyesoma habari zake ndiye anayezungumza nanyi sasa, yaani mimi. Na vipimo vile nilivyowatumia vimetoka kwenye kioo kibovu. Vitupeni. Hivi mnavyoviona sasa ndivyo vya kweli."

Tone lingine likadondoka.

Profesa mwenye mvi aliisogelea kamera yake. "Hiyo mikono," alisema. "Tangu tuanze naitazama. Haijatikisika hata mara moja. Nilidhani ni chuma. Ni ya nani?"

"Ni ya fundi wa vioo."

"Mwambie ainamishe kichwa tumwone."

Fundi aliinama, uso umelowa mvuke, chombo kikabaki palepale hewani. "Hamjambo," aliwaambia, kwa sababu hakujua la kuongeza.

"Hatujambo, mwanangu," profesa yule alijibu, akatabasamu kidogo sana. "Kitue sasa. Mtapata jibu ndani ya wiki mbili."

Kompyuta ilipozimwa, Fundi alikitua chombo kwenye sweta, akakaa sakafuni, mikono imelegea mapajani kama nguo iliyofuliwa.

"Umeharibu," alisema. "Haraka, umeharibu kabisa. Nilikwisha kuyabeba. Kwa nini?"

"Nani alikutuma uyabebe? Uliniuliza?"

"Ningekuuliza saa ngapi? Mzee yule alikuwa amekodoa macho!"

"Ungeniacha niseme!"

"Ulikuwa husemi!"

Hilo lilikuwa kweli, na likamchoma. Machozi yalimjaa Daktari. "Ndiyo. Sikusema. Siku nne sikuweza hata kula. Nikipata nafasi kule kwa mgongo wako, nitaitazamaje mikono yako tena? Mimi naipenda mikono yako, wewe mtu! Naipenda pamoja na mwenyewe!"

Alipolisikia alilosema, alijiziba mdomo. Mpuliza vioo alikuwa ameishiwa pumzi.

Pazia likavutwa. Mama alitoka na tepu ya kupimia shingoni, akasimama mbele ya kijana aliyekaa sakafuni.

"Hiyo barua ya onyo unayo?"

Fundi alijaribu kusimama, mikono ikakataa kumsaidia. "Ninayo, mama. Kwenye kabati."

"Na ungekaa nayo mpaka lini?"

"Kabati lina nafasi, mama."

Mama akaichukua mikono yake, mmoja mmoja, akaigeuza kama anavyogeuza kitambaa kutafuta upande wa nje. Aliona alama za moto, na kucha zilizokatwa fupi. Yeye pia alikuwa na sugu kwenye kidole cha shahada, ya sindano ya miaka thelathini. Alikwenda jikoni akarudi na beseni la maji ya moto na taulo.

"Tia humo. Misuli ilegee. Mimi nikimaliza magauni ya harusi hufanya hivyo hivyo." Akamgeukia binti yake. "Na wewe usisimame kama mlingoti. Kaanga mayai. Mtu ametembea saa moja na nusu hajala."

Jumatatu asubuhi Daktari aliingia ofisini kwa mkuu wa idara, akasema yote akiwa wima. Mkuu alikasirika kama ilivyostahili, akamwandikia yeye barua ya onyo, na ile ya Fundi akaifuta kwa mkono wake. Daktari aliibeba barua yake mpaka karakana, akaionyesha kama mtu anayeonyesha cheti.

"Hongera," Fundi alisema. "Sasa tunalingana."

Jibu la chuo lilikuja Alhamisi ya wiki iliyofuata. Daktari alilisoma akiwa jikoni, akalisoma tena kwa sauti, na alipofika kwenye maneno "tunayo furaha" mama yake alikaa chini juu ya gunia la vitambaa akajifunika uso kwa aproni. Miaka miwili, maabara, mshahara. Chini kabisa profesa mwenye mvi alikuwa ameongeza mstari mmoja wa mkono wake: *Tumepata wengi wenye vipimo vizuri. Wenye kutuambia tuvitupe ni wachache.*

Kufika jioni mtaa wote ulikuwa umejua, na mama alisimama mlangoni akipokea pongezi kichwa juu. "Ni kama kukaa kwa fundi mkubwa kabla ya kufungua duka," aliwaeleza. Yule jirani wa dawa ya kichwa naye alikuja. "Kwa hiyo sasa atajua dawa ya kichwa?" aliuliza. "Sasa atajua zaidi kuhusu maji," mama alimjibu kwa fahari. "Kunywa maji, kichwa kitapona."

Fundi alifika jua likiwa bado juu, amevaa sweta la bluu. Walikaa barazani, yeye na Daktari, kila mmoja akisubiri mwenzake aanze.

"Miaka miwili," Daktari alisema mwishowe.

"Nimesikia."

"Ni mingi."

"Ni tanuri tu." Alimshika mkono, kwa mara ya kwanza mbele ya watu. "Mimi sijawahi kulifungua mapema. Swali ni wewe, Haraka."

"Nimejifunza," alisema. Alikilaza kichwa begani mwake, juu ya sufu iliyokuwa bado na harufu ya moto wa karakana. "Safari hii nitakaa na kioo hadi saa zake ziishe."

Fundi aliondoka jua likizama, kwa miguu kama kawaida yake. Alikuwa amekwisha kufika kwenye lango la nje mama alipomwita.

"Wewe kijana!"

"Naam, mama?"

Mama alishuka ngazi mbili. Alikuwa na tepu shingoni, na kwa mara ya kwanza Daktari aliona mama yake akitafuta maneno.

"Huyu mwezi ujao anaondoka," alisema. "Nyumba itakuwa na mimi na cherehani tu. Hilo sweta lako kiwiko kimetoboka, nimekiona. Uje Jumapili nikushonee." Aliivuta tepu shingoni. "Na akishakwenda, usije ukajifanya humjui mtu hapa. Jumapili ile nyingine, uje tena."